Mjukuu wa Galaksi Jirani

Nyumbani walimwita Ruba tangu utotoni, kwa sababu akishika jambo hang'oki. Alipokuwa mtafiti wa nyota jina lilimfaa zaidi, maana kazi yake ilikuwa kukodolea macho picha za galaksi jirani zilizopigwa na darubini ya angani, ile inayoona eksirei. Katika picha hizo galaksi nzima hugeuka nukta chache. Baadhi ni mashimo meusi yanayofyonza gesi ya nyota zilizo karibu nayo. Nyingine si za galaksi hiyo hata kidogo, ni vitu vya mbali mno vinavyong'aa kwa nyuma. Kazi yote ni kujua nani mwenyeji na nani mgeni.

Nukta moja aliipenda kuliko zote. Ilikuwa kali, na alipoweka picha ya eksirei juu ya picha ya mwanga wa kawaida, iliangukia nyota kubwa ya buluu. Shimo jeusi na nyota inayoliwa! Akaandika makala, jarida likaikubali. Mama yake, mwanamke asiyeweka siri hata ya jirani, akaitangaza mtaa mzima. Nukta hiyo aliiita mjukuu, kwa kuwa wa kupakata alikuwa hajaletewa.

Makala ikisubiri kuchapishwa, Ruba akaketi asubuhi moja kuipamba picha yake. Ili picha mbili zilingane, lazima uchague vitu vinavyoonekana katika zote mbili uvifanye vigingi. Yeye alikuwa amechagua nyota angavu. Ndipo akili ilipomrudia: nyota zile ni za karibu, za huku kwetu, nazo husogea. Na picha hizo mbili zilipishana miaka mingi. Alikuwa amefunga hema kwenye vigingi vinavyotembea.

Alirudia kazi kwa kutumia galaksi chache za mbali, ambazo hazionekani kusogea. Picha ikahama upana wa unywele tu. Nyota ya buluu ikabaki nje ya duara linaloonyesha ilipo nukta ya eksirei, na ndani pakaonekana kidoa chekundu hafifu: galaksi ya mbali kabisa. Nukta yake kipenzi ilikuwa mgeni.

Aliumia, tusidanganyane. Alitazama ukuta mpaka chai ikapoa.

"Lipanue duara kidogo, nyota itarudi ndani," alisema Kipara, mwenzake wa ofisini. "Nani atajua?"

"Mimi."

"Kwa hiyo utaanza upya? Nukta zote?"

"Zote. Vigingi vikiwa vibovu kwa moja, ni vibovu kwa zote."

Akaliandikia jarida kuiondoa makala, upesi, kabla moyo haujalegea. Kisha akaenda kwa mama.

"Mjukuu wangu hajambo?"

"Mama, nilikosea. Yule si wa galaksi jirani. Yuko nyuma yake, mbali sana."

"Nami nimeshawaambia watu wote."

"Waambie tena."

"Lakini yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Anawaka."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ruba akaanza upya, nukta baada ya nukta, macho yakimwasha. Shida ilikuwa vigingi. Zile galaksi za mbali zilitosha kwa nukta moja iliyo karibu nazo, lakini kwa kazi yote zilififia mno katika eksirei, naye alitaka kitu kisichosogea, kinachong'aa vizuri katika picha zote mbili. Alipekua picha yote kona hadi kona. Kilichofaa kilikuwa kimoja tu, na alikitambua kabla hajasoma namba yake.

Akafunga picha zote kwenye kigingi hicho. Nukta kadhaa alizokuwa amezifukuza kama wageni zikaangukia nyota zao, wenyeji halisi. Safari hii alikagua na kukagua tena kabla ya kuinua simu.

"Mama, mjukuu wako amepata kazi."

"Kazi gani tena?"

"Hasogei. Wengine wote tunawapima kwake."

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu.

"Kata simu, mwanangu," mama alisema. "Nina watu wa kuwaambia."