Tangi Lililokaa Mpakani

Tope liliposhuka kutoka Mlima Meru likavunja bomba la chemchemi, jumuiya yetu ya Kaloleni, mjini Arusha, iliazimia kupeleka maji safi katika kijiji kimoja juu ya Akheri. Kuazimia ni rahisi. Mimi siamini kitu mpaka nikione, kwa hiyo nilifunika cherehani yangu nikasema nitalisindikiza boza la maji mwenyewe.

Asubuhi niliondoka na Harjit, Kalasinga mzaliwa wa Arusha, ambaye familia yake ilituazima hilo boza. Juu ya boza tulifunga tangi tupu la plastiki la kuwaachia wanakijiji. Harjit aliendesha kama aliyepakia mayai, na kila nilipomhimiza alinijibu kwamba haraka haraka haina baraka. Nilimwachia, maana gari si langu.

Tengeru tulisimama nikanunua mkungu wa ndizi. Sijafundishwa kwenda kwa watu mikono mitupu.

Baada ya Akheri barabara iligeuka utelezi mtupu. Wanakijiji walitandika magogo ya migomba chini ya magurudumu, tukapanda hivyo, kidogo kidogo, mimi nikisali na Harjit akipiga mluzi.

Tulipofika, palikuwa na mahali pamoja tu tambarare, kati ya nyumba mbili, ambapo tope lilikuwa limefagia kila kitu. Tukashusha tangi hapo, tukalijaza. Watu walipanga foleni wakichota huku wakitushukuru, nami nikajiona nimefanya jambo la maana. Kisha nikagundua kwamba watu wa zile nyumba mbili, walio karibu kuliko wote, hawachoti.

Nilikwenda nyumba ya juu na ndizi zangu. Mwenyeji, mjane aitwaye Mama Anaeli, aliitikia shikamoo yangu kwa upole akanionyesha mkwewe aliyejifungua juzi. Mzazi alihitaji mtori, ile supu nzito ya ndizi, lakini ndooni mlikuwa na maji ya mtoni, rangi ya chai ya maziwa. Niliingiwa na hofu. Nikamwambia nitamletea maji mwenyewe.

"Usilete, mwanangu," alisema. "Hapo palikuwa na masale ya mpaka, yamesombwa. Shemeji yangu wa nyumba ya chini anasema ni kwake. Nikichota hapo kabla mpaka haujapandwa upya, itakuwa nimekubali kwamba tangi limekaa kwake, nimempa shamba la watoto wangu."

Masale ni ile mimea ya majani marefu inayopandwa mipakani huku Meru, na haing'olewi ovyo. Shemeji mtu naye, niliambiwa, hachoti kwa sababu hiyo hiyo. Nilikasirika, nakiri. Nikamuuliza Harjit kama tunaweza kulisogeza tangi. Akasema tangi lililojaa halisogei, labda tumwage. Nani angemwaga maji yale mbele ya watu wale?

Alasiri tulikuwa tukikunja mipira ya maji. Mtoto mchanga wa nyumba ya juu alilia, kilio chembamba kilichosikika hadi nyumba ya chini. Muda si mrefu shemeji akatoka, mzee mwenye buti zilizojaa tope, ameshika jani la sale alilolifunga fundo. Watu wakampisha. Huko, anayekujia na jani hilo amekuja kuomba suluhu, na kumkatalia ni vigumu mno.

Akasimama mlangoni kwa Mama Anaeli.

"Shemeji," alisema, "mpaka tutaupanda pamoja. Mzazi apikiwe kwanza."

Mama Anaeli alilipokea jani kwa mikono miwili. Kisha akachukua ndoo. Niliona akichota ya kwanza, akaipeleka jikoni kwake. Ya pili akaishusha mlangoni kwa shemeji, akarudi kumenya ndizi.

Tuliteremka jua likielekea kuzama, boza likiwa jepesi, na Harjit bado haendi haraka. Sikumhimiza. Nilikwenda nikidhani kazi ni kufikisha maji kijijini. Boza liliyafikisha hadi uwanjani tu. Kwa zile hatua chache zilizobaki hadi kwa mzazi, yalifikishwa na jani.