Jina Juu ya Wimbo wa Mama

Juzi, hapa Al Warqa, ughaibuni ninakofanya kazi za ndani, mwalimu wa piano alimwambia binti wa madam kwamba mtunzi wa kipande cha muziki alichokuwa akijifunza, Mzungu wa zamani wa nywele za bandia, alisahaulika kwa sababu nyimbo zake ziliuzwa kwa jina la mwenzake maarufu. Mimi nilikuwa napiga deki. Nikamkumbuka Elikana, mwalimu wa kwaya yetu.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, alikuja kwetu; jikoni kulinuka moshi na maganda ya maharagwe. Mama hakujua kuandika. Aliimba wimbo alioutunga, Elikana akaandika do, re, mi.

"Polepole, Mama Rispa, kalamu haina miguu."

"Andika tu, mwalimu, na usiuharibu."

Juu ya karatasi akaandika jina lake. Nikalisoma kwa sauti, najivunia kusoma.

"Mbona jina lako?" mama akauliza.

"Si karatasi ni yangu?"

Nikamwambia mama ni kweli, hata daftari langu lina jina langu. Akaniamini.

Sasa najua ule ulikuwa wizi, na mwizi ni Elikana; mimi nilimfungulia mlango. Kwenye mashindano ya kwaya kikombe cha mtunzi wa wimbo ule alipewa yeye. Mama alikuwa mstari wa nyuma, akiimba sauti ya pili.