Gome la Mgunga na Seli Inayokua

Jamani, aibu hii nimetembea nayo tangu miaka ile ya foleni za sukari, na mpaka leo nikipita Karatu mjini kuna watu wazima na akili zao wananiita Bwana Seli, kwa hiyo ngoja niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine ikiwa imetiwa chumvi (ingawa hata bila chumvi ni tamu, nakiri).

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi kwetu Buger kusubiri kazi ambayo haikuwa na haraka ya kunitafuta, ndipo akaja Daktari Rehema kutoka Dar es Salaam, mtafiti wa mimea, mama mcheshi mwenye Landrova inayokohoa. Alikuwa akikusanya magome ya mgunga, yale ambayo Wamasai huchemshia supu, kwa sababu ukilitafuna gome lile linakukaza ulimi, na hicho kinachokaza, alisema, ni polifenoli, na huenda kikauzuia uvimbe mbaya usikue. Akanichukua niwe msaidizi wake wa safari, na akaniambia wazi kwamba nikimfaa atanipeleka Dar niajiriwe maabara. Nyie, siku hiyohiyo nikaanza kuwaaga watu.

Sasa njiani, tunashuka kuelekea Endulen, akaniuliza, "Sulle, nikisema seli, wazee watanielewa? Au tutafute neno lingine?" Mimi biolojia niliisoma kwa kusinzia, na ningesema tu "sijui, tuwaulize" leo nisingekuwa na la kuwasimulia, lakini mtu anayekwenda kuajiriwa maabara atasemaje hajui? Nikakohoa kisomi, nikajibu, "Wanaijua vizuri sana, daktari."

Na kweli walikuwa wanaijua.

Mkutano ulikuwa kwenye kijiji kimoja mbele ya Endulen, watu wamejaa, daktari akaniachia nieleze. Nikaeleza kwamba tunataka magome kwa sababu yanaizuia seli isikue. Mzee Lemayani, mwenye mkutano wake, akainuka taratibu.

"Ero, kijana, hii seli nakua sana siku hizi?"

"Inakua sana, mzee. Ikianza kukua haijui kusimama, inawabana watu mpaka wanakufa."

"Nani naambia ikue?"

"Kuna ujumbe unatoka nje, unaiambia, kua."

"Arusha, kwa wakubwa," mtu akanong'ona nyuma, wengine wakaitikia.

"Na gome nafanya nini?"

"Linaukatiza ule ujumbe njiani, mzee. Haufiki."

Wakapiga makofi, daktari naye akapiga, akaniambia pembeni kwamba hajawahi kuona watu wanaoshika sayansi upesi namna ile. Mimi nikajiona tayari nimevaa koti jeupe.

Kesho yake asubuhi magome yakaanza kuingia, punda kwa punda, mengine yametoka mpaka Kakesio, lundo likafika usawa wa dirisha la Landrova, daktari akaenda kutafuta magunia. Mimi nikabaki nikipokea kama waziri, mpaka akaja mama mmoja, Mama Naserian, na kibuyu kitupu mkononi, akaniuliza kwa adabu, "Kijana, nimechemsha, nimemwaga ukutani na mlangoni. Mume wangu natoka saa ngapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kule ni ndani ya hifadhi ya wanyama, kulima kulikatazwa, na watu wale seli waliyoijua ni moja tu, chumba cha kituo cha polisi walimowekwa waliopanda vimahindi nyuma ya boma, na kituo (bahati yangu mimi) kilikuwa kinajenga chumba cha pili. Ukuta mbichi, umepigwa chokaa juzi, sasa mwekundu kwa supu ya mgunga. Nilimwonea huruma yule mama.

Koplo akafika anahema. "Nani kawaambia hawa dawa inazuia seli?" Vidole vyote vikanielekea, tena kwa shukrani.

"Afande, seli ninayosema mimi ni ndogo, haionekani kwa macho, kila mtu anayo mwilini."

"Unasema mimi nina seli mwilini?"

"Nyingi sana, afande."

Akaniweka ndani. Mume wa Mama Naserian akanisogezea nafasi ukutani, akaniuliza nililima nini. Nikamwambia sikulima kitu, nilielezea sayansi tu.

Daktari alipokuja akamweleza koplo kisa chote, na koplo akacheka mpaka akaketi kwenye mfuko wa saruji, akatufungulia wote wawili, akisema kesi akishaicheka hawezi tena kumfungia mtu. Mama Naserian alimtazama mumewe, akalitazama lile lundo la magome, akawaambia wenzake, "Hii mti nafanya kazi." Mchana ule punda wakaja mara mbili ya asubuhi.

Mimi nikaenda kuchukua begi langu kwenye gari, nikijua Dar nimeikosa. Daktari alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa kanga.

"Nimechungulia seli kwenye hadubini miaka yote hii," akasema, "wewe ndiye wa kwanza kuingia mzima mzima. Haya niambie, polifenoli Kiswahili chake nini?"

Mdomo ulikuwa umeshafunguka, jibu limeshapikwa, la uongo kabisa. Nikalimeza.

"Sijui."

"Na mimi sijui. Panda gari."

Nikapanda, na tangu siku hiyo neno nisilolijua nasema silijui, hata mbele ya maprofesa, hata mkicheka kama mnavyocheka sasa.