Filamu Niliyoitafsiri Ilimponza Fundi Amisi

Admin, nifichie jina, watu wa mtaa wetu wa Gungu wananifahamu. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, nina mke na watoto, na nimechoka.

Ujanani, miaka ile wakimbizi wanavuka ziwa kutoka Kongo, nilikuwa natafsiri filamu kwenye kibanda cha video. Wazungu wanaongea, mimi na kipaza sauti nawaambia watu kwa Kiswahili. Ukweli Kiingereza sikukijua. Nilikuwa naangalia picha na kutunga, na watu walinipenda.

Mchana mmoja ikaletwa filamu kuukuu ya Uingereza, haina rangi, ukungu na vivuli vitupu, hata jina kwenye kasha limefutika. Kuna mtu ameuawa mjini, na mgeni mwenye koti refu kapanga chumba. Hakuna ngumi, watu wakaanza kupiga miayo. Nikaona niwachangamshe: "Huyu si ndiye fundi Amisi huyu! Kaua kwao, kaja kujificha kwetu!" Amisi alikuwa mkimbizi, akishona nguo kwenye baraza jirani na kibanda chetu, na koti havui. Kibanda kizima kilicheka, nami nikanogewa.

Mwishoni mwa filamu polisi walimfunga pingu mwenye nyumba aliyempangisha mgeni. Mgeni hakuwa na kosa, niliona wazi. Lakini niliogopa kuzomewa, nikasema mwenye nyumba anapelekwa kutoa ushahidi.

Wiki haikuisha, mtaa ukawa unasema Amisi ni muuaji. Wateja wakamkimbia. Mgambo wakaja wakamchukua, akapandishwa boti kurudishwa ng'ambo, akamwacha mkewe kambini na mimba. Hakuonekana tena. Mimi nilinyamaza. Woga wangu ule naulaani mpaka leo.

Sasa mwanangu amepata mchumba. Tulipokutana na mama wa binti, akamtaja marehemu mumewe: fundi Amisi. Yule mama akanishika mkono.

"Mukwe, weye ni mutu wa hapa. Unisaidie kumutafuta mwenye alisemaka bwana yangu aliua mutu. Simutakii mabaya. Aniambie tu, bwana yangu alimukosea nini?"

Nikamwambia nitamtafuta.

Nikisema ukweli, harusi ya mwanangu huenda ikafa, na binti hana kosa. Nikinyamaza, nitaitwa mukwe na mjane niliyemfanya mjane. Jana kanipigia simu tena, kwa upole uleule, kuuliza nimefikia wapi. Nimemjibu bado natafuta.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, ila nishaurini. Nifanye nini?