Msusi na Taa ya Kushoto

Asubuhi ile msusi alifunga balbu tatu zilizoungua ndani ya kitambaa, akatoka kwa miguu kwenda kutafuta ugomvi. Gari lake dogo lilibaki uani, taa ya mbele ya kushoto imekufa kwa mara ya tatu ndani ya miezi miwili.

Gari hilo alilinunua kwa miaka sita ya kusuka vichwa vya watu, na tangu alipolipata hakukaa tena barazani kungoja wateja. Aliwafuata majumbani: maharusi, wazazi waliojifungua juzi, bibi wasioweza kutoka. Bila gari angerudi kwenye kiti kimoja na kioo kilichopasuka. Lakini mumewe, mwalimu wa hesabu, mtu mwema ila mbishi wa kutupwa, alikuwa amechoshwa na habari za balbu. "Ikiungua ya tatu, gari linauzwa," alisema. Ya tatu ikaungua, na mnunuzi alikuwa njiani.

Muuza vipuri alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imemkalia puani kwa shida. Msusi hata salamu aliisahau.

"Dada, balbu unazoniuzia ni feki."

"Vuta kiti," alisema muuza vipuri. "Unazifungisha kwa nani?"

"Nafunga mwenyewe. Fundi anataka pesa ya kushusha bampa nzima, na kumbe ni kuchomoa plagi na kuachia klipu tu."

"Hapo umefanya la maana." Aliinua balbu moja kwenye mwanga wa mlango. Kioo chake kilikuwa na lengelenge jeupe ubavuni. "Kazi yako ni nini?"

"Nasuka."

"Lete mkono."

Msusi akautoa. Yule mama akaunusa, akacheka mpaka miwani ikaanguka.

"Mafuta ya nywele! Sikiliza. Kioo hiki kinapata moto mkali. Ukikigusa, mafuta ya kidole yanabaki, na pale yalipobaki panazidi kuchemka mpaka kioo kinavimba. Hata mkono uliooshwa una mafuta. Wako ni chupa nzima."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na cha msusi kilikuwa kwenye ncha za vidole. Aliona aibu, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi. Kumbe gari halikuwa bovu! Halikuwa na mkosi wala waya mbaya.

"Basi nipe ile ya bei ghali, nisije nikakosea tena."

"Ya nini? Chukua hiihii ya siku zote. Ila ukigusa kioo, nisikuone hapa."

Alirudi nusu akitembea nusu akikimbia, akicheka peke yake barabarani, na waliompisha hawakujua wamuogope au wamuulize. Alipofika uani mnunuzi alikuwa ameshafika, ameinama ndani ya boneti anagongagonga kila kitu, na mwalimu amesimama kando.

"Karibu, shemeji," msusi alimwambia mnunuzi, akawapita wote wawili. Ndani alichukua glavu anazovaa akipaka watu rangi ya nywele, jozi mpya kabisa. Akarudi, akasukuma kiwiko cha mnunuzi kwa adabu, akaishika balbu mpya kwa kitako chake cha chuma. Klipu ikaingia. Plagi ikaingia. Akawasha. Taa ikatoa mwanga ulioonekana hata mchana ule.

"Hata zile ziliwaka," alisema mwalimu. "Hiyo si hoja."

Msusi alikuwa akiisubiri hiyo. Alitandaza kitambaa juu ya paa la gari, akawaeleza habari ya mafuta na moto, kisha akazipanga balbu tatu mbele ya mumewe.

"Hizi mbili nilifunga mimi. Tazama malengelenge, madogo kama kucha yangu. Na hii ya tatu, iliyodumu siku nane tu, alifunga nani?"

Ya tatu aliifunga mwalimu, kwa kelele nyingi, akisema wanawake wana papara. Aliichukua, akaigeuzageuza, akakilaza kidole gumba chake juu ya lengelenge lile pana. Kililala pale sawasawa. Masikio yakamwiva, na mnunuzi akajifanya anakohoa.

"Sasa mwalimu," alisema mnunuzi alipomaliza kukohoa, "bei ya mwisho ni ngapi?"

Mwalimu alishusha boneti taratibu.

"Gari si langu," alisema. "Muulize mwenye gari."

Msusi alianza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja, bila haraka yoyote, maana dakika ile alitaka kuifaidi.

"Haliuzwi," alisema.