Nani Anaoa

Mwaka ule serikali ilipotuma karatasi za kura kwa posta, watu waseme kama wanaume wawili au wanawake wawili waruhusiwe kufunga ndoa, kampuni yetu nayo ikaamua kuwa na kauli. Tulikuwa wahudumu katika nyumba ya kulea wazee, mjini Campbelltown, huku ugenini. Asubuhi moja tukakuta beji za rangirangi mezani na bango ukutani limeandikwa NDIYO. Beji sikuivaa, niliitia mfukoni. Nilikuwa na dini yangu, na niliogopa midomo ya watu wa kwetu, ambao habari zako huwafikia kabla wewe hujavua viatu.

Meneja akataka bango liandikwe kwa lugha zote za wafanyakazi, na chini ya NDIYO ielezwe ni ndiyo ya jambo gani. Mimi ni mtu wa Tanga, na Wakenya pale kazini hunitania kwamba naongea kama redio, basi mzigo nikatwishwa mimi. Ningeweza kuandika "kufunga ndoa" nikaenda zangu, lakini hilo naliona neno la kadhi na la vyeti. Kwa ujuaji wangu nikataka neno la nyumbani, na hapo ndipo nilipokwama. Kwetu mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mwambie mwanamume kwamba ameolewa, mtagombana.

Nikaona nimwulize mwenye habari zake. Mwenzangu wa zamu alikuwa mama wa hapo Macquarie Fields, anakaribia miaka sitini, ameishi na mwanamke mwenzake tangu ujana. Ndiye aliyekuwa akiniambia kila adhuhuri, "Nenda kasali, nakushikia wazee." Hakuwahi kuniuliza naomba nini huko.

Kiingereza hakina kuoa na kuolewa, kwa hiyo nililizungusha swali, likatoka hivi: "Kati yenu wawili, mume ni nani?"

Alikuwa anakunja shuka. Akalimaliza, akaliweka juu ya mengine, akasema, "Hata wewe?" Akatoka.

Wiki nzima tukaongea mambo ya kazi tu. Adhuhuri ikifika hasemi kitu, nami nikawa nasali nikirudi nyumbani, nimechelewa na nina aibu. Iliniuma. Katika nchi hii nina watu wengi wa kusalimiana nao, lakini wa kunishikia wazee nilikuwa naye mmoja.

Siku ya nane nikakaa mbele yake wakati wa chai, nikachukua karatasi, nikaandika: *oa*, *olewa*. Nikamweleza. Nikamwambia sikukusudia kumtukana, lugha yangu ndiyo iliyonitia shimoni, na miguu yangu mwenyewe ikasaidia.

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Swali hilo nimeulizwa na walevi, na wajomba, na daktari mmoja," alisema. "Na hawa wenye bango, unajua? Mwenzangu alipofanyiwa upasuaji nikaomba ruhusa. Kwenye fomu wakamwandika *rafiki*. Wakanipa siku moja."

Akaivuta ile karatasi. "Hamna neno la watu wawili walio sawa?"

Lilikuwapo siku zote, nami nimelitumia tangu utotoni bila kulitazama. Nikaandika: *oana*. Kama pendana, nikamwambia, kama saidiana. Akalirudia mara tatu, analivunjavunja kila mara, mpaka nikacheka. Saa ikagonga, adhuhuri imefika. Akainuka akasema, "Nenda, nakushikia."

Ndilo neno nililoliandika kwenye bango. Kura ilipokwisha na sheria kupita, mabango yote yakaondolewa, mahali pake pakawekwa tangazo la kunawa mikono. La Kiswahili hatukuliona tena, na mimi sikuuliza.

Miezi kadhaa baadaye nikaletewa kadi nyumbani. Ndani kulikuwa na tarehe, mahali, na chini kabisa, kwa kalamu, kwa herufi kubwa za mtu anayeogopa kukosea: TUNAOANA. Nililia, sioni haya kusema.

Mke wangu akaichukua kadi akaigeuzageuza. Akauliza swali ambalo kwetu huulizwa kila harusi, bila ubaya wowote:

"Nani anaoa?"

"Wanaoana," nikamjibu.

Akanitazama, akaitazama kadi. Sikujua atasema nini.

"Haya," akasema. "Kanzu yako ya Idi iko wapi, niipige pasi?"