Fundi wa Povu

Fundi aliyeziba paa letu hakupi mkono. Hukupa kifundo cha mkono, maana vidole vyake vina madoa ya povu la kuzibia nyufa yasiyotoka hata kwa mafuta ya taa. Kabla ya kazi hulamba kidole kimoja akakipitisha polepole kwenye kila ufa, akitafuta upepo. Akiupata hunong'ona, "Nimekuona, mwizi," kisha hubonyeza mkebe, na povu huumuka kama mkate. Nalo huliongelesha: "Taratibu, usinimwagikie." Mama yangu, mwenye kifua kibovu, alimcheka. "Mwanangu, sabuni ndiyo itazuia baridi ya milima yetu ya Mokhotlong?"

Asubuhi ya barafu ya kwanza nilimkuta fundi amesimama barabarani akikagua mapaa. Ya majirani yalikuwa yameshalowa kwa joto linalotoroka. Letu lilikuwa jeupe bado kwa barafu. Mama akatoka kumkaribisha uji. Fundi akamtazama mabega. "Mama, blanketi lako liko wapi?" Mama, ambaye kila majira ya baridi hupika na kulala amejifunga blanketi kwa pini, akapapasa kifuani akitafuta pini. "Ala," akasema. "Nimelisahau ndani."